Simu ya Mama na Daftari la Mtoto

Somo la wazazi na walezi



Wazazi wa mtaa wetu walipokutana mara ya mwisho, mama mmoja aliinuka akauliza swali ambalo wengi walikuwa nalo moyoni ila hawakupenda kulisema. Binti yake yuko darasa la nne. Kila siku mwalimu hutuma kazi ya nyumbani katika grupu la WhatsApp la wazazi wa darasa. Mama huyu hurudi kutoka sokoni saa moja usiku, hufungua simu, hukuta ujumbe tisini na zaidi: pole za msiba, mashuka yanauzwa, picha za maua za kutakiana usiku mwema. Huupekua wote mpaka aipate kazi, huinakili daftarini, humwamsha mtoto aliyekwisha kulala, nao wote wawili husinzia juu ya hesabu za sehemu. Basi akauliza, je, mitandao hii inamsomesha mwanangu au inanisomesha mimi? Watu walicheka, naye mwenyewe akacheka. Hata hivyo swali lake ni la haki, nasi tuliahidi kulijibu katika ukurasa huu.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Tunaposema mitandao ya kijamii tunachanganya vitu visivyofanana. Grupu la wazazi ni kama ubao wa matangazo uliobandikwa kwenye simu ya kila mtu. YouTube ni kama sinema isiyofungwa mlango. Facebook, Instagram na TikTok ni baraza ambamo kila mtu hutaka atazamwe. Mtu akisema mitandao ni mizuri au ni mibaya kwa mtoto wa shule ya msingi, mwulize kwanza anasema juu ya kipi.

Desturi hii ya kupeleka masomo kwa simu ilienea kwa kishindo mwaka 2020. Tarehe 17 Machi mwaka ule Serikali yetu ilitangaza kufunga shule kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na watoto wa shule za msingi hawakurudi mpaka tarehe 29 Juni. Majirani zetu walikaa zaidi. Kenya watoto wengi walirudi Januari 2021, na Uganda shule zilifunguliwa kabisa Januari 2022, karibu miaka miwili. Walimu walitafuta njia yoyote ya kuwafikia wanafunzi wao, na njia iliyokuwa karibu ilikuwa simu ya mzazi. Tuwashukuru kwa hilo. Lakini shule zilipofunguliwa, magrupu hayakufungwa. Kitu kilichoanza kwa dharura kikawa utaratibu, wala hakuna aliyekaa kitako kuuliza kinafundisha kiasi gani.

Redio ya mwaka 1973

Wazee wetu hawatashangaa tukisema kwamba si mara ya kwanza kwa chombo cha habari kuingia darasani. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima na Radio Tanzania waliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walijifunza juu ya malaria, maji safi na vyoo kwa majuma kumi na mawili. Msomaji kijana aweza kudhani kwamba redio ndiyo iliyofundisha. Waliokuwapo wanajua sivyo ilivyokuwa. Watu walikusanyika kwa vikundi, wakaisikiliza redio, kisha redio ikazimwa. Hapo ndipo kazi ilipoanza. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefunzwa, na viongozi hao walikuwa kama 75,000 nchi nzima. Alisoma nao kijitabu, akawauliza maswali, wakabishana, wakakubaliana nani achimbe choo wapi na lini. Redio ilileta neno, na kikundi kikalifanyia kazi.

Tukumbuke jambo hilo tunapoitazama simu. Aliyeketi karibu na msikilizaji akamwuliza, wewe umeelewaje, ndiye tunayemtafuta hapa.

Habari kutoka Botswana

Katika mwaka ule ule wa korona watafiti waliipima habari hii nchini Botswana, kwa familia zaidi ya 4,500 zenye watoto wa shule za msingi, darasa la tatu mpaka la tano. Wengine walipelekewa kila juma ujumbe mfupi wenye hesabu chache, basi. Wengine walipelekewa ujumbe ule ule, na juu yake mwalimu akawapigia simu kila juma kwa dakika kumi na tano au ishirini. Mzazi aliombwa aweke simu katika sauti kubwa, mtoto akaketi karibu, wakazifanya hesabu pamoja. Haikuhitaji simu janja wala bando. Simu ya kitochi ilitosha.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2022. Watoto waliopigiwa simu waliendelea katika hesabu. Ujumbe peke yake haukuonyesha faida ya kutegemewa. Baadaye jambo hili lilijaribiwa katika nchi nyingine tano, zikiwamo Kenya na Uganda, na huko pia simu pamoja na ujumbe vilisaidia sana, lakini ujumbe mtupu ulisaidia kidogo. Ili tusidanganyane, nitaje pia kwamba huko Sierra Leone walimu walipowapigia wanafunzi simu, alama zao za majaribio hazikupanda. Kwa hiyo sauti ya mwalimu si dawa ya kila mahali. Lakini katika habari hizi zote sijaona mahali ambapo kazi iliyotumwa tu, bila mtu wa kuuliza na kusikiliza, ilifundisha mtoto kwa nguvu.

Sasa turudi kwa mama yetu. Grupu la darasa la nne ni ujumbe mtupu. Tena ni ujumbe uliofukiwa chini ya mashuka.

Vema za uongo

Baada ya mkutano nilimwomba mama yule anionyeshe daftari la binti yake. Mimi nilifundisha shule za msingi kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na daftari la mtoto huniambia mengi. Nilikuta vema tupu, ukurasa baada ya ukurasa. Nusu kujumlisha robo, jibu robo tatu, vema. Nikamwuliza mtoto alipataje jibu lile. Akasema kaka aliliona kwenye simu. Kumbe mzazi mmoja, kwa nia njema kabisa, hupiga picha kazi ya mwanawe iliyokwisha kufanywa na kuituma katika grupu ili wengine wasihangaike. Saa mbili usiku jibu liko katika nyumba zote.

Nikaomba chungwa na kisu. Tulilikata chungwa nusu, na nusu moja tukaikata tena. Nikamwambia, hii nusu na hiki kipande, pamoja ni sehemu gani ya chungwa zima? Aliandika mavumbini kwa kidole: juu moja na moja ni mbili, chini mbili na nne ni sita, mbili juu ya sita. Ndilo kosa ambalo watoto wamelifanya tangu hesabu za sehemu zilipoanza kufundishwa, na dawa yake inajulikana. Nikamwuliza, je, mbili ya sita ni kubwa kuliko nusu au ni ndogo? Akafikiri sana. Mwishowe alisema ni ndogo, kisha akalitazama chungwa, akaona kwamba ameongeza akapata pungufu. Hapo alicheka. Tulichukua kama robo saa, na chungwa tukalila.

Angalieni hasara iliyofanyika katika daftari lile. Mwalimu ana watoto wengi darasani. Kazi ya nyumbani ndiyo dirisha lake la kuona nani ameelewa na nani hakuelewa. Akikuta vema kwa wote, hufurahi, hugeuza ukurasa, huendelea na somo linalofuata. Mtoto asiyejua sehemu anapelekwa kwenye desimali, na kutoka hapo kwenye asilimia, na hakuna ajuaye mpaka siku ya mtihani wa taifa. Hapo atalaumiwa mtoto. Ningependa kila grupu la wazazi liandike sheria moja juu kabisa: majibu hayatumwi hapa. Afadhali mtoto apeleke kosa lake mwenyewe shuleni kuliko vema ya jirani.

Mtoto wa mwisho katika orodha

Jambo ninalotaka kulisema sasa linanihusu mimi mwenyewe, wala silisemi kwa furaha. Miaka michache iliyopita nilikuwa katika grupu la namna hii kwa ajili ya mjukuu wangu, katika shule ambayo sitaitaja. Mwisho wa muhula mwalimu alituma orodha ya matokeo ya darasa zima, jina kwa jina, kuanzia wa kwanza mpaka wa sitini na mbili. Mjukuu wangu alikuwa wa tano. Niliandika hongera, nikaweka na mikono ya kupiga makofi. Wengine wengi waliandika hongera.

Orodha ile haikukaa kwa wazazi. Simu zilishikwa na kaka na dada, picha ikapelekwa kwingine, na kesho yake watoto wa mtaa mzima walimjua aliyekuwa wa sitini na mbili. Walimwita kwa namba ile. Muhula mpya ulipofunguliwa mtoto yule aliaga nyumbani kila asubuhi akiwa amevaa sare, akashinda chini ya daraja mpaka saa ya kurudi. Ilichukua majuma matatu mama yake kujua. Tulikwenda kumwomba arudi, na alirudi, lakini alikuwa mtoto wa kunyamaza tangu siku ile. Mimi niliyefundisha miaka yote ile, niliyejua kwamba ripoti ya mtoto hutiwa katika bahasha na kufungwa, nilipiga makofi.

Zamani matokeo yalibandikwa ukutani pia, mtu aweza kusema. Ni kweli, na mimi niliyabandika. Lakini karatasi ya ukutani husomwa na aliyefika, na mvua ikinyesha huchanika. Orodha iliyo katika simu hainyeshewi. Hata Baraza la Mitihani, lilipotangaza mwaka 2023 matokeo ya kidato cha nne, liliacha desturi yake ya kutaja shule na watahiniwa kumi bora. Na nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Sheria hiyo inalinda taarifa za mtu, na mtoto naye ni mtu. Mwalimu amwandikie kila mzazi peke yake. Ni kazi zaidi, lakini simu ile ile yaweza kuifanya.

Sinema isiyofungwa mlango

Juu ya video nina maneno machache, maana hapa habari ni nzuri kuliko wengi wanavyodhani. Ubongo Kids, inayotengenezwa Dar es Salaam, ilianza kuonyeshwa TBC1 mwaka 2014, na sasa iko pia YouTube pamoja na ndugu yake mdogo, Akili and Me. Inafundisha hesabu na sayansi kwa nyimbo na vikatuni, kwa Kiswahili ambacho mtoto anakielewa. Utafiti uliofanywa Morogoro na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba watoto wadogo walioangalia Akili and Me walitambua maumbo na namba vizuri kuliko wenzao walioonyeshwa programu nyingine. Lakini watoto wale waliangalia vipindi vilivyochaguliwa, kwa majuma kadhaa. Hawakuachiwa simu.

Mtoto aliyeachiwa simu hukutana na kitu kingine. Kipindi kikiisha, kingine huanza chenyewe, na kile kinachofuata hakikuchaguliwa na mwalimu yeyote. Kimechaguliwa na mashine ambayo kazi yake ni kumshika mtazamaji asiondoke, kwa maana kampuni hulipwa kwa matangazo. Mtoto huanza na jedwali la saba, baada ya nusu saa anaangalia watu wakianguka kutoka juu ya pikipiki. Tumlaumu nani? Dawa ni ndogo: kipindi kimoja, mtu mzima akiwa karibu, kisha simu izimwe na mtoto aeleze alichokiona. Anayeweza, akipakue kipindi mapema ili kionyeshwe bila intaneti.

Ama kuhusu Facebook, Instagram na TikTok, sioni nafasi yake katika masomo ya mtoto wa shule ya msingi, na wenye mitandao wenyewe wanakubali. Kanuni zao zinamtaka mtu awe na miaka 13 ndipo afungue akaunti. Umri huo haukuchaguliwa na walimu. Mizizi yake ni sheria ya Marekani ya mwaka 1998, inayozuia makampuni kukusanya habari za mtoto aliye chini ya miaka 13 bila idhini ya mzazi. Australia imekwenda mbele zaidi: tangu Desemba 2025 mitandao mikubwa hairuhusiwi kumpa akaunti mtoto aliye chini ya miaka 16. Kwa hiyo mzazi anayemwandikia mtoto wa darasa la tatu umri wa uongo ili apate akaunti, asiseme anafanya hivyo kwa ajili ya masomo.

Wasio na bando

Kuna watoto ambao somo hili lote halijawafikia. Katika kila darasa wapo wanaoishi na bibi, na bibi ana kitochi chenye ufa. Wapo ambao simu ya nyumba ni ya baba, na baba yuko safarini. Mwalimu anaposema kazi iko katika grupu, watoto hao huja kesho bila kazi, nao huadhibiwa kwa kosa la mfuko. Nimeliona hili kwa macho yangu. Mwalimu akiiandika kazi ubaoni kabla ya kengele, kila mtoto akainakili, kisha akaituma pia katika grupu kwa ajili ya aliyekuwa mgonjwa, hakuna anayeachwa nyuma. Kunakili nako ni kusoma.

Pamoja na hayo, grupu lina kazi yake nzuri. Tulizungumza na mwalimu wa binti yule, mama na mimi, naye alitusikiliza kwa upole kuliko tulivyotazamia. Alisema yeye pia amechoka na mashuka. Sasa ameweka grupu lake hivi kwamba mwalimu peke yake ndiye anayeandika, jambo ambalo WhatsApp inaliruhusu, na wanaopenda kuzungumza wamefungua lao. Ijumaa kila mtoto husoma kifungu cha kitabu kwa sauti, si zaidi ya dakika moja, na mzazi humtumia mwalimu sauti ile yeye binafsi. Asiye na simu husomea mezani kwa mwalimu Jumatatu. Mwalimu husikiliza akiwa katika daladala, amevaa vidude vya masikioni, na anasema amejua watoto watatu ambao hukariri kwa kusikia wenzao lakini hawasomi maneno. Darasani, katika sauti ya pamoja, asingewajua kamwe. Kwangu mimi, sauti ile ya dakika moja ni bora kuliko picha mia za kazi, maana hapo mtoto ndiye anayesema na mtu mzima ndiye anayesikiliza.

Mama naye amebadili saa. Kazi hufanywa saa kumi, mtoto akiwa mezani kwake sokoni, kati ya nyanya na vitunguu, simu ikiwa mfukoni. Sehemu wamezifanya kwa fungu la nyanya.

Kwa vikundi: mkutanapo, kila mzazi aje na daftari moja la mtoto, na simu zizimwe. Mchague hesabu moja yenye vema, mmwite mtoto mwenyewe aifanye tena mbele yenu kwa maharage au kwa vijiti, bila kumsaidia na bila kumcheka. Kisha mzungumze: ni nani aliyeifanya kazi ile mara ya kwanza? Katika grupu la darasa lenu, ni ujumbe gani wa juma lililopita ambao mtoto alihitaji kweli? Ni nani katika darasa hilo hayumo katika grupu, na kazi humfikiaje? Na orodha za majina na alama, je, zipo bado katika simu zenu? Mwenye nazo azifute kabla ya kuondoka.